Muulize Bi Fundi: Batani za Sauti Zishushe Ukurasa

Toleo lililopita, nikimjibu msomaji aliyepasukiwa kioo, niligusia kwamba batani za sauti za pembeni mwa simu zinaweza kupewa kazi nyingine: ukibonyeza, badala ya sauti kupungua, ukurasa unashuka. Ilikuwa sentensi moja tu, lakini barua zilizoifuata ni nyingi kuliko za jambo lolote nililowahi kuliandika hapa. Kwa hiyo mwezi huu ni batani tupu. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu nikiwa hapa kibandani kwangu Ngamiani, Tanga, nawaona kila wiki watu wenye shida kama hiyo, na wengi hawajui kama ina dawa.

Shikamoo Bi Fundi. Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana. Mkono wa kulia haujarudi, na wa kushoto unatetemeka. Akili yake iko timamu kabisa na anapenda kusoma: habari, Biblia ya kwenye simu, na grupu la WhatsApp la ukoo wetu. Tatizo ni kupangusa. Akijaribu kushusha, kidole kinagusa asichokusudia. Juzi alimpigia mjomba simu ya video saa tisa usiku. Sasa ameanza kuiweka simu kando na kutuomba tumsomee sisi. Simu yake ni Android ya kawaida, ya bei ya chini. Hizo batani ulizozisema zitamfaa, au ni mambo ya vijana?
Binti, Morogoro

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Zitamfaa mama kuliko kijana yeyote. Kijana anataka batani kwa raha yake, mama anazihitaji ili arudishiwe kusoma kwake. Soma jibu hili taratibu, na ukifika kwenye namba uwe na simu yake mkononi.

Kabla hujapakua chochote, fungua Mipangilio, kisha Ufikivu. Kama simu imewekwa Kiingereza, pameandikwa Accessibility. Humo kuna sehemu ya kuongeza muda ambao kidole lazima kikae kwenye kioo ndipo simu ihesabu kuwa kimeshikilia. Weka muda mrefu. Simu za Samsung zina na nyingine mbili nzuri zaidi: moja inaiambia simu isijali mguso mfupi mno, nyingine isijali mguso unaorudiwa harakaharaka mahali pamoja. Kwa mkono unaotetemeka hizo mbili zitapunguza sana simu za usiku kwa mjomba. Hazimsaidii kupangusa, ila zinamkinga wakati tunashughulikia kupangusa kwenyewe.

Sasa batani. Kila batani ya Android ikibonyezwa hutuma namba. Ya kuongeza sauti ni 24, ya kupunguza ni 25. Kabla namba hiyo haijaifikia sauti, simu inaweza kuipitisha kwanza kwa programu uliyoipa ruhusa ya ufikivu, na programu hiyo ikaimeza na kufanya jambo lingine uliloliagiza. Na tangu Android 7, iliyotoka mwaka 2016, programu ya namna hiyo inaweza hata kupangusa kioo kwa niaba ya kidole. WhatsApp haijui tofauti. Inaona kupangusa, inashuka.

Ninayoiamini kwa kazi hii inaitwa Key Mapper. Iko Play Store, ni ya bure, na msimbo wake, yaani maandishi ya kiprogramu yaliyoiunda, uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. Ukishaifungua na kuipa ruhusa ya ufikivu, utatengeneza agizo jipya. Itakuuliza kwanza kichocheo, yaani batani gani: ibonyeze batani ya kupunguza sauti, nayo itaitambua. Kisha itauliza kitendo: chagua kupangusa kioo. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu inataka namba za nukta, na hakuna aliyewaeleza nukta hizo ni nini.

Kioo cha simu kimegawanywa nukta ndogondogo, na zinahesabiwa kutoka kona ya juu kushoto. Simu nyingi za bei ya chini zina nukta 720 kwa upana na 1600 kwa urefu. Tuchukulie ya mama ni hiyo. Mwanzo wa kupangusa weka 360 na 1150: katikati kwa upana, na karibu robo tatu ya kioo kutoka juu. Mwisho weka 360 na 550. Maana yake kidole cha bandia kitapanda nukta 600, na maandishi yatapanda nayo. Angalia kwamba 360 imebaki ileile mwanzo na mwisho. Usiikosee hiyo, kwa sababu mstari ukienda mshazari WhatsApp inaweza kudhani unasogeza ujumbe kwa ubavu ili uujibu. Tena usianzie ukingoni kabisa mwa kioo, karibu na 1600. Simu nyingi siku hizi zikipanguswa kutoka chini hurudi mwanzo, na mama ataona alichokuwa akisoma kimetoweka.

Namba ya mwisho ni muda, kwa milisekunde, na ndiyo inayoamua kama mama ataipenda au ataichukia. Ukiweka 100, ukurasa unaruka kama umerushwa, unapita aya tatu, na msomaji anapoteza mstari. Ukiweka 1000, yaani sekunde nzima, ukurasa unasogea polepole na kusimama karibu na pale ulipoachiwa. Anza na 1000. Kaa naye afungue Biblia, abonyeze mara moja, halafu mwulize kama mstari aliokuwa akiusoma bado anauona juu ya kioo. Kama haupo, punguza umbali: badala ya 550 weka 650. Mwache yeye aseme imetosha. Batani ya kuongeza sauti utaigeuzia namba hizohizo, mwanzo 550 na mwisho 1150, ili irudishe ukurasa.

Halafu weka sharti. Key Mapper inakuruhusu kusema agizo hili lifanye kazi pale tu programu fulani inapokuwa wazi. Taja programu ya habari na ile ya Biblia. Nje ya hizo, batani zitabaki za sauti kama zamani, na mama hatashindwa kupunguza redio.

Kwa WhatsApp nina njia nyingine, kwa sababu humohumo anapigiwa simu za video, na wakati wa simu atazitaka batani za sauti. Mnunulie rimoti ya selfi, ile ndogo ya bluetooth inayouzwa pamoja na fimbo za kupigia picha. Bei yake ni ndogo na iko kila duka la vifaa vya simu. Rimoti hizo nyingi zikibonyezwa hutuma namba ya kuongeza sauti, kwa sababu batani hiyo ndiyo hupiga picha kwenye kamera. Iunganishe na simu, kisha Key Mapper ikikuuliza kichocheo, bonyeza rimoti. Itaiandika kama kifaa cha pekee, tofauti na batani za simu yenyewe. Simu isimame mezani kwenye stendi, rimoti iwe kiganjani mwa mama, mkono wake upumzike pajani. Akibonyeza mara moja ushuke, mara mbili upande. Usitumie kubonyeza kwa kushikilia, maana baadhi ya rimoti hizi hutuma ishara na kuiachia papo hapo hata kidole kikiwa bado kimebana. Kuna na zenye batani mbili, kubwa na ndogo, na mara nyingi kila moja hutuma ishara yake. Ukiipata hiyo nunua hiyo, batani moja iwe ya kushuka na nyingine ya kupanda. Kwa mkono unaotetemeka kubonyeza mara mbili kwa haraka ni kazi.

Jambo moja litakushtua: rimoti ikiunganishwa, simu inaweza kuihesabu kama kibodi, na ile kibodi ya kwenye kioo ikaacha kutokea mama anapotaka kuandika. Nenda kwenye mipangilio ya kibodi halisi, uwashe kipengele cha kuonyesha kibodi ya kioo hata ile halisi ikiwapo. Pia ongeza muda wa kioo kuzimika ufike dakika 10, kwa sababu kioo kikishazima, agizo halifanyi kazi mpaka kiwashwe.

Nimemaliza ya mkono, sasa ya usalama, na hapa nakuomba usiniharakishe. Ruhusa ya ufikivu ni sawa na ufunguo wa nyumba. Programu uliyoipa inaweza kusoma kilichoandikwa kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba ya mwenye simu. Programu za wizi wa fedha za kwenye simu huitafuta ruhusa hiyohiyo. Kwa hiyo Key Mapper ipakue mwenyewe kutoka Play Store. Usikubali ya kurushiwa na mtu kwa Xender wala faili la kutumiwa WhatsApp. Android 13 na zinazofuata zitakuzuia kwanza ukijaribu kuipa ufikivu programu iliyotoka nje ya duka, na kizuizi hicho kipo kwa faida yako. Ukiwa humo ndani ya Ufikivu, tazama orodha ya zote zilizoruhusiwa. Ukikuta tochi, au programu ya kusafisha simu, au ya kubadilisha picha ya kioo, inyang'anye ruhusa siku hiyohiyo. Tochi haina haja ya kusoma kioo cha mama yako. Na ukiona programu ya benki inalalamika kwamba kuna huduma ya ufikivu imewashwa, usishangae: baadhi ya benki zimeamua hivyo. Zima kwa muda, fanya muamala, washa tena.

Niandikie unieleze mama ameendeleaje. Hilo nalisubiri.

Bi Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nota zangu za sol-fa nimeziweka kama PDF kwenye tableti. Nikiwa naongoza, mikono yote miwili ina kazi, na ukurasa ukiisha inabidi nimtegemee mwanakwaya wa mstari wa mbele. Nasikia kuna pedali za mguu lakini bei yake ni kubwa. Kuna njia?
Mwalimu wa kwaya, Moshi

Nzuri Mwalimu. Pedali zipo kweli, za bluetooth, na wapiga kinanda wengi huzitumia. Kinachotokea ndani yake ni rahisi: ukiikanyaga inatuma namba ya kibodi, kwa kawaida ile ya kushusha ukurasa au ya mshale. Sasa ukijua hivyo, unaona kwamba kibodi yoyote ya zamani ya kompyuta inaweza kufanya kazi hiyo.

Tafuta kibodi ya waya wa USB, na kipande cha waya kiitwacho OTG kinachoingia kwenye tundu la chaji la tableti. Android inaitambua kibodi palepale bila kupakua kitu. Jaribu kwanza programu yako ya PDF kama inaitikia Page Down na mishale, nyingi huitikia. Kama haiitikii, Key Mapper inaweza kuigeuza batani ile ndefu ya nafasi, iliyo chini kabisa ya kibodi, iwe ya kupangusa kama nilivyomweleza binti wa Morogoro. Batani hiyo ni pana, kidole gumba cha mguu hakiwezi kuikosa. Ng'oa zilizo jirani yake ili usizikanyage. Huchomoka kwa bisibisi ndogo ukiinua taratibu. Kibodi iweke kwenye ubao mzito usiosogea, na waya uufunge kwenye mguu wa stendi ili anayepita asiukwae katikati ya ibada.

Kama baadhi ya nyimbo unazisoma kama kitabu cha kawaida kwenye Kindle, Moon+ Reader au KOReader, hizo tayari zina mpangilio wa kufungua kurasa kwa batani za sauti. Hutahitaji programu ya pembeni, na ikiwa kazi inaweza kufanyika bila ruhusa ya ufikivu, mimi huishia hapo.

Shikamoo. Nauza vitenge na oda zangu nyingi ni za WhatsApp. Siku nzima nahama kati ya WhatsApp na kikokotoo, nikihesabu bei huku mteja anasubiri. Batani inaweza kunihamisha?
Mama Vitenge, Kigoma

Marahaba. Inaweza, na bila kupangusa chochote. Tumia Button Mapper, nayo iko Play Store. Chagua batani ya kupunguza sauti, kwa kubonyeza na kushikilia, uipe kazi ya kurudi kwenye programu ya mwisho. Ukiishikilia uko kwenye kikokotoo, ukiishikilia tena uko kwa mteja. Ukiibonyeza kwa kawaida, sauti inapungua kama siku zote.

Ila kama simu yako ni Samsung, anza na iliyomo: kwenye vipengele vya juu vya Mipangilio kuna sehemu ya batani ya pembeni, ambako kubonyeza mara mbili kunaweza kufungua programu utakayoichagua. Iwe kikokotoo. Na kwa simu zenye zile alama tatu chini ya kioo, kuigusa alama ya programu za hivi majuzi mara mbili haraka kunakurudisha ulikotoka. Wengi wamekaa na simu miaka bila kulijua hilo.

Bi Fundi hujambo? Natumia iPhone 11. Nimejaribu kila programu ya kubadilisha batani za sauti zishushe kurasa, hakuna inayofanya. Nimeambiwa nifungue simu kwa njia za vichochoroni, wanaita jailbreak, ili nivuke vizuizi vya Apple. Nifanyeje?
Msomaji, Mombasa

Sijambo mwanangu. Usiifungue. Apple haiziruhusu programu za nje kuzigeuza batani za sauti zishushe kurasa za programu nyingine, na anayekuahidi vinginevyo anataka pesa yako au simu yako.

Lakini umekalia njia nzuri bila kujua. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020, iPhone 8 na zilizofuata zinaweza kuhisi zikigongwa mgongoni. Ingia Settings, Accessibility, Touch, ushuke mpaka chini kabisa uikute Back Tap. Kuna kugonga mara mbili na kugonga mara tatu, na kila moja unaipa kazi yake. Ndani ya orodha ya kazi kuna Scroll Down na Scroll Up. Gonga mara mbili kwa kidole cha shahada nyuma ya simu, ukurasa unashuka. Ukiwa na kava nene la mpira, simu huenda isihisi. Livue ujaribu kabla ya kusema haifanyi kazi.

Kama shida yako ni ya mikono, si ya uvivu wa kupangusa tu, washa pia Voice Control, iliyopo tangu iOS 13 ya mwaka 2019. Unaiambia kwa Kiingereza "scroll down" nayo inatii. Na ukurasa uleule wa Touch una Touch Accommodations, ambayo ni ile kinga ya mkono unaotetemeka niliyoieleza kwenye barua ya kwanza.

Fundi mambo. Mimi ni bodaboda. Simu yangu iko kwenye usukani. Nataka nifunge rimoti karibu na kidole gumba niwe nashusha video na kusoma meseji nikiwa barabarani bila kuachia usukani. Niunganishe vipi?
Dereva, Mbeya

Sitakuelekeza. Mkono utabaki kwenye usukani, ndiyo, lakini macho yatakuwa kwenye video, na nyuma yako kuna abiria aliyekukabidhi maisha yake. Mteremko wa Mbeya haukusubiri umalize kusoma. Muziki nitakusaidia, kwa sababu hauhitaji macho: Button Mapper inaweza kuifanya batani ya sauti ikishikiliwa iruke wimbo. Meseji simama pembeni uzisome. Naomba sana, mwanangu.

Assalaam alaykum Bi Fundi. Miaka ile nilikuwa na Nokia 7110, ina gurudumu dogo chini ya kioo, unalizungusha kwa kidole na kubonyeza hapohapo. Sijapata simu nyingine iliyonipa raha ile. Kwa nini wameyaacha magurudumu, na je, siwezi kulipata tena?
Mzee wa Mkunazini, Zanzibar

Wa alaykumu ssalaam mzee wangu. Umenikumbusha kitu kizuri. 7110 ilitoka mwaka 1999, na gurudumu lile lilikuwa na maana: ilikuwa miongoni mwa simu za mwanzo kabisa za kusomea kurasa za intaneti kwa WAP, yaani intaneti nyepesi ya simu za enzi hizo, na kurasa zinataka kushushwa. Baadaye BlackBerry ikaja na kidude cha duara kama lulu kwenye Pearl ya mwaka 2006, ukikizungusha mshale unakwenda upande wowote. Hata mwaka 2017 BlackBerry KeyOne ilikuwa na kibodi ya vitufe ambayo ukipitisha kidole juu yake bila kubonyeza, ukurasa ulishuka.

Yameachwa kwa sababu mbili. Tangu iPhone ya mwaka 2007, watengenezaji walitaka upande wote wa mbele uwe kioo, na gurudumu linakula nafasi. Ya pili ni ya kwetu mafundi: kitu kinachozunguka kina mwanya, na mwanya unaingiza uchafu. Zile lulu za BlackBerry zilikuwa zikiletwa hapa zimeganda. Ukiivua pete ya lulu na kuitoa lulu yenyewe, unakuta ndani vinguzo vinne vidogo sana, kila kimoja kimevaa soksi ya vumbi, jasho na mafuta ya mkono. Unavifuta kwa pamba yenye spiriti, unarudisha, kidude kinateleza kama jana kilitoka kiwandani. Watu wa pwani walirudi nazo mapema kuliko wa bara, na nadhani ni mchanga na chumvi ya hewa yetu.

Gurudumu lako unaweza kulipata leo, mzee wangu, tena bila programu yoyote na bila ruhusa yoyote. Nunua maus ya bluetooth, ndogo, yenye gurudumu katikati. Iunganishe na simu ya Android kama unavyounganisha spika. Kimshale kitatokea kwenye kioo. Kiweke juu ya unachosoma, uzungushe gurudumu, ukurasa utakwenda mstari kwa mstari kwa kadiri unavyotaka. Maus ya waya nayo inafaa kwa ule waya wa OTG niliomtajia mwalimu wa kwaya. Binti wa Morogoro naye alisome jibu hili: kama mama anaweza kupumzisha kiganja juu ya maus mezani, huenda gurudumu likamfaa kuliko batani. Ajaribu vyote viwili, mama achague.

Bi Fundi, batani yangu ya kuwashia imekufa. Nimeweka Key Mapper ili batani ya sauti iwashe kioo, haifanyi. Programu ni mbovu?
Msomaji, Shinyanga

Programu ni nzima. Kioo kikiwa kimezimwa, kwa njia hii ya kawaida ya ufikivu, namba za batani haziifikii, kwa hiyo haina la kufanya. Kuzima kioo inaweza, tangu Android 9 ya mwaka 2018. Kuwasha ndiko kunakoshindikana.

Kwa sasa angalia kwenye Mipangilio kama simu yako ina kuwasha kioo kwa kukigonga mara mbili au kwa kuinyanyua. Kama ina alama ya kidole nyuma, hiyo nayo inaamsha. Ndani ya Ufikivu kuna menyu ya ufikivu, inayokuwekea kwenye kioo kidude chenye kufunga simu, kuzima na sauti. Lakini hizo ni za kukuvusha tu. Batani ya kuwashia kwa simu nyingi imo kwenye utepe mwembamba mafundi tunauita fleksi, mara nyingi pamoja na zile za sauti, na kubadilisha fleksi ni kazi ya fundi yeyote mwenye mkono mtulivu. Ipeleke kabla chaji haijaisha ikazimika kabisa, maana hapo kuiwasha ndiyo itakuwa shughuli.

Nilifuata dokezo lako la toleo lililopita, nikaipata Key Mapper mwenyewe, asubuhi inafanya kazi vizuri sana. Ikifika mchana imekufa. Naingia Ufikivu nakuta imejizima. Kila siku hivyo. Nimechoka.
Msomaji, Dodoma

Anayeizima ni simu yako. Simu nyingi, hasa za bei ya chini, zimewekewa ulinzi mkali wa betri: programu isiyoguswa kwa muda inasimamishwa ili chaji idumu. Simu haijui kwamba hii yako inafanya kazi kimyakimya ikisubiri batani.

Bonyeza na kushikilia alama ya Key Mapper, ufungue taarifa za programu, uingie kwenye betri, uchague isizuiwe. Kisha tafuta mahali pa programu za kujiwasha zenyewe. Kwa Tecno na Infinix pamo ndani ya Phone Master. Kwa Xiaomi pamo kwenye ruhusa za programu. Iruhusu. Mwisho, fungua orodha ya programu za hivi majuzi, ishikilie Key Mapper, uifunge kwa alama ya kufuli, ili siku ukifagia zote isifagiwe nayo. Ukimaliza, zima simu uiwashe, subiri mpaka jioni uone. Na kila mara simu ikisasishwa, rudi ukakague hizo sehemu tatu, kwa sababu masasisho huweza kuzirudisha zilivyokuwa.